Kikosi cha Pili Kinamchezea Nani?

Swali hili huulizwa na kila anayependa michezo, na mara nyingi huulizwa kwa hasira: kama wachezaji kumi na mmoja ndio wanaoingia uwanjani, ya nini kuwalipa wengine ambao hakuna anayetoa kiingilio kwenda kuwaona? Shabiki wa soka huuliza hivyo anapowaona vijana wa klabu yake wakicheza mchana wa jua kali kabla ya mechi kubwa, viti vikiwa bado vitupu.

Nitalijibu kwa kwenda mbali kidogo, Uingereza ya mwanzo wa karne ya 20, katika mchezo wa kriketi. Mwaka 1907 kikosi cha pili cha kaunti ya Lancashire kilitwaa ubingwa wa mashindano ambayo yalikuwa yameanzishwa kwa ajili ya wengine kabisa. Ukiutazama msimu ule kwa karibu, unaona kazi halisi ya timu ya akiba, unaona pia gharama yake, na unajua ni nani aliyekuwa akiilipa.

Kriketi kwa dakika mbili

Waliofuatilia safari ya Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 wanaweza kuiruka sehemu hii. Kwa wengine, haya yanatosha.

Timu mbili, kila moja ina watu kumi na mmoja. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba ya nyasi fupi, urefu wake kama mita 20, na kila mwisho wa njia hiyo vijiti vitatu vimesimikwa ardhini. Mrushaji hurusha mpira kuelekea kwenye vijiti bila kukunjua kiwiko. Mpigaji husimama mbele ya vijiti na kibao cha mbao mkononi, akivilinda. Akiupiga mpira, yeye na mwenzake wa upande wa pili wakakimbia na kubadilishana nafasi, timu yao inapata mkimbio mmoja. Mpira ukigonga vijiti vyake, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, ametolewa, na mrushaji anahesabiwa wiketi moja. Wakitolewa kumi, zamu ya timu hiyo imekwisha. Katika mechi za kaunti kila timu ilikuwa na zamu mbili.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Siku hizo njia ya kuchezea haikufunikwa mvua iliponyesha baada ya mechi kuanza. Usiku maji yanaingia, asubuhi jua linapiga, na udongo unaanza kukauka juu huku ndani bado umelowa. Mpira ukitua pale haujulikani utakwenda wapi: utaruka usoni, utapinda, au utakwama na kumfikia mpigaji akiwa ameshamaliza kupiga hewa. Hiyo ndiyo hali iliyoitwa wiketi ya kunata. Mpigaji aliyepata mikimbio 30 juu yake alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata 100 juu ya njia kavu.

Wakubwa, wadogo, na wa pili wa wakubwa

Kaunti ni eneo la utawala, na nchini Uingereza kila kaunti ilikuwa na timu yake na watu wake. Mwaka 1907 kaunti 16 ndizo zilizohesabiwa kuwa za daraja la juu. Mechi zao zilikuwa za siku tatu.

Kaunti nyingine, ndogo kwa idadi ya watu au kwa mfuko, zilianzisha mashindano yao mwaka 1895. Mechi zilikuwa za siku mbili. Kwa baadhi yao mashindano hayo yalikuwa ngazi kweli:

- Worcestershire ilishika ubingwa mwaka wa kwanza, pamoja na Durham na Norfolk, kisha ikauchukua peke yake 1896, 1897 na 1898. Mwaka 1899 ikapandishwa daraja la juu.
- Northamptonshire ilishinda 1903 na 1904. Mwaka 1905 nayo ikapanda.
- Durham ilishinda tena 1901. Ikasubiri hadi 1992.

Northamptonshire inastahili neno la pembeni. Juni 1907, wakiwa na miaka miwili tu daraja la juu, walikutana na Gloucestershire juu ya njia yenye unyevu, na zamu yao nzima ikaisha kwa mikimbio 12. Kumi na miwili, kwa watu kumi na mmoja. Kupanda daraja ni jambo moja, kukaa juu ni jingine, na nawaheshimu kwa kutokata tamaa.

Sasa, kaunti kubwa zilikuwa na vijana wengi kuliko nafasi, na vijana hao walihitaji mechi za ushindani. Kwa hiyo baadhi yao, zikiwamo Surrey na Lancashire, ziliingiza vikosi vyao vya pili katika mashindano ya kaunti ndogo. Hivyo kijana wa akiba wa Lancashire hakucheza na akiba wenzake tu. Alikutana na wanaume wazima waliokuwa wakiichezea timu ya kwanza ya kwao, mbele ya watu wa kwao, na kwao hiyo ndiyo ilikuwa mechi kubwa ya mwaka.

*Kwa ufupi: kikosi cha pili cha kaunti kubwa kilishindana na vikosi vya kwanza vya kaunti ndogo. Mdogo angeweza kushinda na kupanda. Akiba wa mkubwa hata akishinda hana pa kupanda, kwa sababu juu yake yupo mkubwa mwenyewe.*

Nani alikuwamo

Orodha ya majina ya kikosi cha pili ilibadilika karibu kila wiki, lakini aina za watu zilikuwa zilezile.

Kwanza, vijana wa uwanja. Hawa waliajiriwa kwa msimu wa kiangazi. Kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwarushia mipira wanachama wa klabu kwenye nyavu za mazoezi, kusaidia kuvuta roli la kusawazisha njia, na kufanya lolote waliloagizwa na msimamizi wa uwanja. Mechi ya kikosi cha pili ndiyo siku waliyokuwa wachezaji.

Pili, watu wazima waliowahi kucheza juu wakashushwa, au waliokuwa wanapona jeraha. Tatu, waliokuwa wakingoja sheria ya ukaazi, nitaieleza hivi punde. Nne, wachezaji wa ridhaa.

Ridhaa maana yake ni mtu anayecheza bila mshahara, kwa mapenzi. Katika kriketi ya Uingereza neno hilo lilibeba tabaka zima. Wa ridhaa walikuwa wana wa wenye mali, wanafunzi wa Oxford na Cambridge, walimu wa shule kubwa, maofisa. Wa kulipwa walikuwa wana wa wachimba makaa, wafumaji, mafundi. Katika viwanja vingi hawakubadilisha nguo chumba kimoja wala kuingia uwanjani kwa mlango mmoja. Hata karatasi ya mechi iliwatenga: wa ridhaa aliandikwa herufi za mwanzo za majina yake kabla ya jina la ukoo, wa kulipwa zikawekwa nyuma yake au zikaachwa. Nahodha wa kaunti alitarajiwa kuwa wa ridhaa, hata kama timu nzima ya kulipwa ilimzidi ujuzi.

Utengano huu uliamua msimu wa kikosi cha pili zaidi kuliko hali ya hewa. Mwezi Agosti vyuo na shule vilikuwa likizo. Wa ridhaa walirudi nyumbani wakiwa na nafasi ya kucheza, na kaunti ikawapisha. Kijana wa kulipwa aliyekuwa amecheza vizuri timu ya kwanza Juni na Julai aliweza kujikuta Agosti amerudishwa kikosi cha pili, bila kosa lolote, ili mwanafunzi apate mechi zake za likizo. Malipo ya mechi yalikuwa yamepungua hapohapo. Naona huo ulikuwa uonevu, na ulifanywa kwa adabu nzuri, jambo ambalo halikuupunguza.

Sheria ya kungoja

Tangu 1873 kaunti zilikuwa zimekubaliana: mchezaji ataichezea kaunti aliyozaliwa, au ile aliyokaa kwa miaka miwili. Hakukuwa na kuuzwa wala kuhama kwa wiki moja. Ukitaka kubadilisha kaunti, unahamia, unapanga chumba, unangoja.

Mfano bora ni wa Jack Hobbs. Alizaliwa mwaka 1882 mjini Cambridge, katika kaunti ndogo. Baba yake alikuwa mtunza uwanja, na alifariki Hobbs akiwa bado hajapata mahali pa kushika. Essex, kaunti kubwa iliyokuwa jirani, iliombwa imjaribu na haikumpa nafasi. Tom Hayward, mpigaji maarufu wa Surrey aliyekuwa mwenyeji wa Cambridge pia, akampeleka Surrey, na mwaka 1903 akajaribiwa kwenye uwanja wa The Oval, London. Wakamtaka. Lakini hakuzaliwa Surrey, kwa hiyo akaanza kuhesabu miaka miwili.

Mtu mwenye umri wa miaka 20, aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza, anaambiwa angoje. Alicheza mechi za vijana wa Surrey na za klabu. Mwaka 1904 aliruhusiwa kurudi kuichezea Cambridgeshire katika mashindano ya kaunti ndogo, kwa sababu ndiko alikozaliwa, na huko akapiga kwa wingi. Aprili 1905 muda ukatimia. Mechi yake ya kwanza Surrey ilikuwa dhidi ya timu iliyoongozwa na W. G. Grace, mzee wa kriketi yote, na Hobbs akapata 18 na 88. Iliyofuata ilikuwa ya ubingwa wa kaunti, na wapinzani walikuwa Essex. Alipiga 155. Surrey wakampa hapohapo kofia ya kaunti, yaani kofia anayokabidhiwa mchezaji kuonyesha kwamba nafasi yake sasa ni ya kudumu. Aliendelea kucheza hadi 1934, na mikimbio yake ilipita 61,000.

Ni rahisi kusimulia habari ya Hobbs kwa furaha kwa sababu tunajua mwisho wake. Miaka ile miwili, yeye hakuujua. Na waliokaa naye kwenye benchi lilelile, wakangoja vilevile, kisha wakaambiwa Septemba kwamba mkataba hautaendelea, ni wengi kuliko waliofika.

Kent ilishika njia nyingine. Mwaka 1897 ilifungua mahali pa kulelea vijana mjini Tonbridge chini ya William McCanlis, ikiwachukua wazaliwa wa kaunti yenyewe ili pasiwe na haja ya kungojea ukaazi. Frank Woolley, mzaliwa wa Tonbridge, alikulia hapo. Mwaka 1906 alipandishwa kwa dharura kwa sababu Colin Blythe, mrushaji mkuu wa Kent, alikuwa ameumia mkono. Mechi ilikuwa Old Trafford, nyumbani kwa Lancashire, na ilikuwa siku mbaya ya kuanzia: Johnny Tyldesley wa Lancashire alipiga 295 bila kutolewa, Woolley alidondosha mipira aliyopaswa kuidaka, akapata wiketi moja tu, na zamu yake ya kwanza akatoka bila mkimbio. Zamu ya pili alipata 64. Kent haikumrudisha chini. Mwaka uleule ikachukua ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Woolley akabaki hadi 1938.

Hapa ndipo naona jibu la kwanza la swali letu. Kent ilimvumilia Woolley kwa sababu ilikuwa imemtazama kwa miaka kadhaa mahali ambapo makosa yake hayakuwa na gharama kubwa. Ilijua 64 zile ndizo zilizomwakilisha, na kwamba mipira iliyodondoka ilikuwa ya siku moja.

Kiangazi cha mvua, 1907

Kiangazi cha 1907 kilikuwa chenye mvua nyingi na baridi. Warushaji walifurahi, wapigaji waliteseka. Ulikuwa pia mwaka wa ugeni: Afrika Kusini ilizuru Uingereza na kucheza mechi tatu za kimataifa, Uingereza ikashinda moja na mbili zikaisha sare. Kila mara timu ya taifa ilipoita watu, kaunti ziliziba mapengo kwa kupandisha watu wa kikosi cha pili, na kikosi cha pili nacho kikaziba kwa vijana wa klabu. Mwito mmoja kutoka London ulihamisha watu watatu.

Mashindano ya kaunti ndogo yalikuwa yamebadilishwa mwaka huo. Timu ziligawanywa katika kanda nne, na washindi wa kanda wakakutana katika nusu fainali na fainali. Mpango huo ulidumu hadi 1909. Faida yake kwa mchezaji ilikuwa kupunguza safari. Mechi za siku mbili zilimaanisha kupanda treni mara nyingi, kulala nyumba za kupanga, kufika, na mara mvua ikakuta kila mtu kwenye veranda akiutazama uwanja ukijaa maji. Ikiharibika siku moja kati ya tatu, mechi bado ipo. Ikiharibika moja kati ya mbili, imebaki nusu.

Sasa fikiria kazi ya kamati iliyopaswa kuchagua nani apande. Mbele yao kuna karatasi ya takwimu. Kijana mmoja ana wastani wa mikimbio 14, mwingine 25. Nani bora? Karatasi haisemi kwamba wa kwanza alipiga karibu zote juu ya wiketi ya kunata, na wa pili alibahatika siku mbili kavu. Warushaji nao vivyo hivyo: mwaka wa matope hata wa kawaida anapata wiketi kwa bei ya chee. Ndiyo maana nahodha wa kikosi cha pili, ambaye mara nyingi jina lake halikumbukwi na yeyote, alikuwa mtu muhimu. Yeye ndiye aliyeona. Neno lake kwa kamati lilizidi hesabu.

Lancashire walitoka kanda yao na kushinda hadi mwisho. Kikosi cha pili cha kaunti kubwa kilikuwa hakijawahi kutwaa taji hilo, na hadi vita ya 1914 hakuna kingine kilichofanya hivyo.

Je, lilikuwa jambo la kujivunia? Nusu tu, kwa maoni yangu. Akiba bora ina maana mbili: kaunti ina kina cha vipaji, au kaunti inawakalisha chini watu waliostahili kupanda. Ubingwa wa kaunti kubwa mwaka huohuo ulikwenda Nottinghamshire, iliyobebwa na warushaji wawili, Thomas Wass na Albert Hallam. Hallam huyo alikuwa mchezaji wa Lancashire hadi 1900. Afya yake iliyumba, akaondoka, Nottinghamshire ikamchukua. Mvua ya 1907 ilimkuta Nottingham.

Aliyekataa kungoja

Lancashire ilikuwa imempoteza mtu mkubwa zaidi ya Hallam. Sydney Barnes, mzaliwa wa Staffordshire, aliichezea kwa misimu miwili kamili, na mwaka 1903 akachukua wiketi 131. Kisha hawakuelewana kuhusu malipo, akaondoka. Ni haki kusema kwamba mwaka uliofuata, bila yeye, Lancashire ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Hata hivyo Barnes huenda ndiye mrushaji bora kuliko wote waliowahi kuishi, na tangu 1904 alikuwa akicheza mashindano ya kaunti ndogo.

Hesabu yake ilikuwa ya mtu anayejua thamani ya jasho lake. Kaunti kubwa ilimtaka siku sita kwa wiki kiangazi chote, ikimwacha majira ya baridi ajitafutie. Klabu za ligi za kaskazini zilimlipa vizuri kwa Jumamosi moja. Siku zilizobaki alifanya kazi ya ukarani, na kaunti yake ya kuzaliwa alipoitaka aliichezea. Staffordshire ikawa bingwa 1906, 1908 na 1911. Katika maisha yake aliichukulia Staffordshire wiketi 1,441, kila moja kwa wastani wa mikimbio minane na kidogo. Uingereza haikuweza kumsahau: ilimpeleka Australia 1907, na katika ziara ya Afrika Kusini ya 1913 hadi 1914 alichukua wiketi 49 katika mechi nne tu.

Kwa kijana wa kikosi cha pili, hii ilimaanisha kwamba Jumatano fulani, kwenye uwanja wa mji mdogo, mbele ya watazamaji wachache, aliyekuwa akimrushia mpira angeweza kuwa Barnes. Shule ya namna hiyo hainunuliwi.

Mshahara wa kusubiri

Waliokuwa juu walianza kupata nafuu. Yorkshire, chini ya Lord Hawke, iliwalipa wachezaji wake wa kudumu pauni mbili kwa wiki hata majira ya baridi. Mchezaji aliyetumikia miaka mingi alipewa mechi ya kuchangiwa, ambayo mapato yake yalikuwa yake. George Hirst wa Yorkshire alipata pauni 3,703 mwaka 1904, fedha za kununulia nyumba na kubaki.

Wa kikosi cha pili hakuwa na hayo. Septemba ikifika alirudi mgodini, kiwandani, au kwenye mpira wa miguu kama alijaliwa miguu. Harry Makepeace alijaliwa: mwaka 1906 alitwaa Kombe la FA na Everton, na mwaka huohuo akaanza kuichezea Lancashire. Wengi hawakuwa na Everton.

Percy Jeeves alikuwa mmoja wa waliokataliwa. Yorkshire, kwao, ilimjaribu na haikumchukua. Akahamia Warwickshire, akangojea ukaazi wake, na mwaka 1913, msimu wake wa kwanza kamili, akachukua wiketi 106. Mwandishi P. G. Wodehouse alimwona akicheza Cheltenham mwaka huo, akalikumbuka jina lake, na baadaye akampa mtumishi maarufu katika hadithi zake. Jeeves mwenyewe aliuawa vitani Ufaransa, Julai 1916. Alikuwa amecheza misimu miwili kamili baada ya kungoja kote kule.

*Kwa ufupi: kaunti ilipata mahali pa kumtazama mchezaji, pa kukosea bila hasara, na pa kuchota mtu siku ya dharura. Malipo ya huduma hiyo yalitoka kwenye miaka ya vijana wenyewe.*

Baada ya vita

Agosti 1914 vita ilianza, na baada ya msimu huo kriketi ya kaunti ikasimama. Iliporudi 1919, kaunti kubwa zilijaribu kucheza mechi za siku mbili, kama zile za kaunti ndogo na vikosi vya pili, kwa kurefusha saa za mchezo hadi jioni. Wachezaji walichoka, sare zikawa nyingi, na mpango ukaachwa baada ya msimu mmoja. Kwa msimu huo mmoja wakubwa walionja ratiba ambayo akiba wao walikuwa wameicheza miaka yote.

Mashindano ya kaunti ndogo yalirudi 1920, vikosi vya pili vikiwamo. Ilichukua hadi 1959 ndipo vikosi hivyo vikapata ligi yao wenyewe, na Gloucestershire ikawa bingwa wa kwanza. Mgawanyo wa ridhaa na kulipwa ulifutwa mwishoni mwa 1962. Msimu uliofuata, majina kwenye karatasi ya mechi yaliandikwa kwa namna moja.